Abiria Hajui 'Upako' ni Nini

JUMA lililopita nilipanda matatu kutoka Nyeri kwenda Karatina. Hatujafika Marua, mhubiri kijana akasimama na kuuliza, "Je, umeokoka?" Mama aliyeketi kando yangu akanong'ona, "Kutoka wapi? Si ajali bado!"

Tulicheka, ila swali la mama yule ni la kiisimu hasa. Katika Kiswahili cha kila siku mtu huokoka ajali, moto au mafuriko. Kitenzi hicho humfanya msikilizaji atake kujua hatari yenyewe, na mhubiri hakuitaja. Badala yake alitumwagia upako, madhabahu, agano na kufunikwa kwa damu, bila kufafanua hata kimoja. Wawili watatu waliitikia "Amina". Sisi wengine tukatazama mibuni nje.

Sisemi eti msamiati wa dini ufutwe. Waliotafsiri Biblia kwa lugha ya Gikuyu walimwita Mungu Ngai, jina ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari. Lakini "Roho" walilikopa kwenye Kiswahili, ambacho nacho kililitoa kwenye Kiarabu. Neno la Gikuyu lililokuwa karibu ni "ngoma" (si ile ya kupigwa, bali mizimu ya wahenga), na naona lingezua utata wake. Kukopa si kosa. Ila neno la mkopo hudai maelezo, na mhubiri wetu hakuyatoa.

Isitoshe, eneo hilihili lina mfano bora. Wafuasi wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, waliitwa "ahonoki", yaani waliookoka. Hata jirani asiyekanyaga kanisani alijua maana yake: hao ndio watu wanaokiri hadharani walichoiba, kisha wakakirudisha kwa mwenyewe. Walieleweka kwa sababu walitaja kosa kwa jina lake.

Tuliposhuka Karatina nilimwita kando yule mhubiri. "Huo upako, kijana, umekufanyia nini?"

Alisita kidogo. "Mzee, nilikuwa nakunywa mshahara wote. Siku hizi nalipa karo, na watoto hawanikimbii nikiingia nyumbani."

Nikamuuliza mbona hakutuambia hayo garini.

"Lakini hayo si mahubiri, Mzee," akasema, huku akikimbilia matatu ya kurudi Nyeri.