Nyuzi 32 bila upinde

Mpiga fidla akishauweka upinde kwenye uzi, noti ni mali yake. Ataikuza, ataipunguza, ataibembeleza mpaka mkono uchoke. Mpiga mandolini hana anasa hiyo. Kipigio kikigusa uzi, noti huzaliwa na nguvu zake zote na papo hapo huanza kufa. Sasa wakalishe watu wanne wenye mandolini, wawekee mbele muziki ulioandikwa kwa ajili ya pinde, uone watakavyojinasua.

Hiyo ndiyo kazi waliyojitwika Modern Mandolin Quartet, kundi lililoundwa San Francisco, Marekani, mwaka 1985. Walioanza walikuwa Mike Marshall, Dana Rath, Paul Binkley na John Imholz. Marshall aliwahi kupigia bendi ya David Grisman, na jina la Grisman ndilo hutajwa kwanza kila wazungumzapo wapenzi wa mandolini. Wale wanne hutajwa mwishoni, wakikumbukwa.

Kwenye karatasi mpango wao hauna tatizo. Mandolini hutyuniwa G, D, A, E, sawasawa na fidla. Mandola hutyuniwa C, G, D, A kama viola, na mandoselo hushuka oktava moja chini ya hapo, kama selo. Mandolini mbili, mandola moja, mandoselo moja: tayari una umbo lilelile la fidla mbili, viola na selo ambalo Haydn na Beethoven waliliandikia. Kila chombo kina nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili, kwa hiyo jukwaani pana nyuzi 32. Pacha mmoja akilegea hata kidogo, chombo kizima kinalia kwa uchungu, na shingo yenye vyuma haimpi mpigaji nafasi ya kuteleza akarekebisha kwa kidole kama afanyavyo mwenye fidla au udi.

Dawa ya kale ya noti inayokufa ni tremolo: kipigio kinakwenda chini na juu upesi mpaka mapigo yaungane masikioni yawe sauti moja. Mpiga udi naye anaijua. Lakini tremolo ni kama chumvi. Wanne wakiitumia kwa pamoja, kinachosikika ni mchanga unaomwagwa juu ya bati. Ndiyo maana sanaa ya kundi kama hili iko zaidi kwenye mgawanyo kuliko kwenye kasi ya vidole. Mmoja anashikilia wimbo kwa tremolo, mwingine anadonoa noti fupi chini yake, wa tatu anaacha nyuzi zilie zenyewe hadi zinyamaze, na mandoselo inaweka msingi kwa pigo moja lililopimwa. Sauti moja inapofifia, nyingine inaipokea kabla sikio halijagundua pengo. Aliyekua akisikiliza dansi hahitaji mwalimu hapa: magitaa ya solo na rithim hayasongamani, yanapishana.

Uteuzi wa muziki nao ulikuwa wa akili, na hapa ndipo nawavulia kofia. Mwaka 1991 walitoa Nutcracker Suite ya Tchaikovsky. Ukisikia Tchaikovsky unafikiria okestra nzima, na mandolini nne mbele yake zinaonekana kama mtumbwi mbele ya meli. Lakini itazame nota yenyewe. Utangulizi wa kazi hiyo hauna selo wala besi hata moja. Mtunzi aliziondoa makusudi ili muziki uwe mwepesi, wa kitoto. Ngoma ya Sukari, ile inayojulikana kuliko zote, imebebwa na selesta, kinanda ambacho nyundo zake hugonga vibamba vya chuma. Tchaikovsky alikisikia Paris mwaka 1891, akataka kiletwe Urusi kimyakimya, asije mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov au Glazunov akamtangulia. Sasa sauti ya selesta ni nini kama si noti inayozaliwa kali kisha ikafa? Chini yake fidla za okestra zimeweka pinde kando, zinadonolewa kwa vidole. Sehemu hiyo ilikuwa ikisubiri mandolini kwa karibu miaka 100.

Kwingine njia si tambarare. Ngoma ya Kiarabu, ambayo kwa kweli imejengwa juu ya wimbo wa kubembelezea mtoto kutoka Georgia, inataka noti ndefu za chini chini, na tremolo ya kunong'ona ni ngumu kuliko ya kelele. Mkono ukikaza kidogo tu, mapigo yanahesabika na uchawi unayeyuka. Valsi ya Maua nayo inadai upana ambao nyuzi na mbao za vyombo vinne haziwezi kuutoa. Hapo sikatai, okestra inashinda.

Chombo chenyewe kilisaidia. Marshall hupiga Gibson F-5 ya mwaka 1924, zao la kiwanda cha Kalamazoo wakati wa fundi wake Lloyd Loar. Mfano huo uliotoka mwaka 1922 una uso uliochongwa kwa mwinuko na matundu ya umbo la f, mambo yaliyoazimwa kwa mafundi wa fidla, na sauti yake ni kavu na yenye mpaka kuliko ya mandolini ya Napoli yenye mgongo wa bakuli. Katika muziki wa sauti nne, mpaka ni neema: kila mstari unasikika ulipo.

Kwa nini basi walisahaulika? Nadhani rafu ya dukani iliwaponza. Rekodi zao zilitolewa na Windham Hill, kampuni iliyojijengea jina kwa gitaa na piano za utulivu. Wapenzi wa klasiki hawakuwatafuta huko, na wapenzi wa bluegrass waliliona jina la Tchaikovsky wakapita. Kundi lilibadilisha baadhi ya watu, likarudi mwaka 2012 na albamu ya Americana, ikateuliwa kuwania Grammy ya muziki wa vikundi vidogo. Tuzo ikaenda kwa Eighth Blackbird.

Ukiipata ile Nutcracker, anza na Ngoma ya Sukari, uvae spika za masikioni, na umfuate wa chini, mwenye mandoselo. Wimbo utajileta wenyewe.