Machungu ya Kukosa Mtoto: Tumsomeje Sara wa “Bembea ya Maisha”?

Mwalimu mwenzangu, mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne akutajie sifa za Sara katika Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Aghalabu atajibu: Sara ni mvumilivu. Jibu hilo litapata alama. Lakini je, limetueleza nini kuhusu machungu ya mwanamke huyu?

Tukumbuke masaibu yake. Sara na Yona walikaa katika ndoa kwa muda bila kujaaliwa mtoto, nayo jamii ikawasimanga. Hatimaye Neema akazaliwa. Je, masimango yalikoma? La hasha! Waliouliza mtoto yu wapi sasa waliuliza mvulana yu wapi. Yona akakimbilia pombe, na kipigo kikamwangukia mkewe.

Iwapo jeraha la Sara lingetokana na kukosa mtoto pekee, kuzaliwa kwa Neema kungeliponya. Halikupona kwa kuwa lilitiwa na ndimi za watu. Hii ndiyo hoja ambayo neno “mvumilivu” linaifunika.

Lugha yetu nayo ina mchango wake. Neno “mgumba” laweza kumhusu mume au mke, ilhali “tasa” humwelekea mwanamke, na ndilo hutangulia midomoni hata kabla ya yeyote kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi maishani, na chanzo chaweza kuwa mume, mke au wote wawili. Tazama pia methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tukiifunza bila kuihoji, tunamwambia asiyezaa kwamba hana uchungu wowote wa kuujua. Ilhali anao, tena hauna matanga wala wa kumpa pole.

Linganisha na Anowa, tamthilia ya Ama Ata Aidoo wa Ghana iliyochapishwa mwaka 1970. Anowa hana mtoto, na anamhimiza mumewe, Kofi Ako, aoe mke mwingine. Mwishoni inabainika kuwa kasoro iko kwa mume. Siri inapofichuka, wote wawili wanajiua. Kofi alijificha nyuma ya mali. Yona alijificha nyuma ya chupa. Wanaume hawa hawakuwa na mahali pa kulilia. Kusema hivyo si kumwondolea Yona lawama ya kipigo, bali ni kuonyesha kwamba jamii iliyomsimanga mke ilimjeruhi na mume, kisha ikamwachia mke mzigo wa majeraha yote mawili.

Basi tunapofunza maudhui haya, tusikomee kuandika “utasa” ubaoni na kuhesabu hoja. Tuwaulize wanafunzi: nani anasema? Nani anasemwa? Nani ananyamaza, na kunyamaza kwake kunamfaidi nani? Tuchague maneno yetu pia, kwani huenda darasani yumo mtoto ambaye shangazi yake huitwa tasa kila jamaa wanapokutana.

Na mwanafunzi akikuandikia kwamba Sara ni mvumilivu, mpe alama yake. Kisha mwulize: alivumilia nini, na ni nani waliomlazimisha kuvumilia?