Kadi Mfukoni mwa Askari

Kadi yenyewe ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati bila kukunjwa. Upande mmoja una msalaba mwekundu. Upande wa pili una mstari wa 7 wa Zaburi 91, ule unaosema juu ya maelfu kuanguka ubavuni pa mtu na yeye asiguswe. Chini yake yameongezwa maneno ambayo hayamo katika Biblia: "Beba, amini, utarudi." Kina mama wa usharika walichanga fedha, wakachapisha, wakaziwekea plastiki ili jasho lisiziharibu. Mimi niliziombea madhabahuni kabla vijana wetu watatu hawajaondoka kwenda kulinda amani Kongo. Kwa hiyo ninayeikosoa kadi hii ni mmoja wa walioitoa.

Mmoja wa vijana hao aliporudi alikuja ofisini kwangu siku ya kazi, si Jumapili. Baada ya salamu akaitoa kadi, akaiweka mezani. Nikadhani anataka kutoa ushuhuda. Akanieleza kwamba aliondoka na mbili, kwa maana mama yake alimtilia moja ya akiba, na ile ya pili alimpa mwenzake wa kikosi kimoja. Mwenzake hakurudi.

"Na yeye alikuwa nayo, Mchungaji. Mfukoni. Sasa niambie, yeye hakuamini?"

Nilimwambia maneno ambayo wachungaji husema. Alisikiliza kwa heshima, akaaga, kadi akaiacha.

Watanzania hatuyajui mambo haya kwa kusimuliwa tu. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na wasiopungua 14 wakafa usiku ule. Je, hao hawakuombewa? Mama zao hawakupiga magoti, na wengine hawakutandika mikeka ya sala? Hakuna mwenye haki ya kusimama mbele ya jeneza lililofunikwa bendera akadokeza kwamba aliyelala humo alipungukiwa imani. Kadi yetu ilidokeza hivyo. Haikukusudia, lakini mtu akiahidiwa kwamba akiamini atarudi, basi asiporudi hesabu inajifanya yenyewe.

Kosa la kwanza liko katika kukata andiko. Zaburi 91 ni zaburi nzima, na Biblia yenyewe inatuonyesha jinsi inavyoweza kutumiwa vibaya. Katika Mathayo 4, anayeinukuu ni Shetani. Anamweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, anamkumbusha ahadi ya malaika iliyomo katika zaburi hiyo, anamtaka ajirushe. Hakukosea maneno. Aliyachukua akayafanya dhamana: ruka, huwezi kuumia. Yesu aliikataa dhamana hiyo, na miaka mitatu hivi baadaye alikwenda msalabani bila malaika wa kumdaka. Ukisoma zaburi hiyo hadi mstari wa 15 utaona Mungu anaahidi kuwa pamoja na mtu wake katika taabu. Taabu imo ndani ya ahadi. Mstari huo ungetosha kabisa kwenye kadi, tena ni mfupi. Tulichagua ule wa 7 kwa sababu ndio tuliotaka uwe kweli.

Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kijitabu kumjibu mwanajeshi aitwaye Assa von Kram, aliyesumbuliwa na swali kama askari naye anaweza kuokoka. Karibu na mwisho wa kijitabu hicho Luther anawageukia askari wa siku zake na ushirikina wao. Kuna waliojikabidhi kwa mtakatifu George, wengine kwa Christopher, wengine walijua kuroga vyuma na risasi. Katika orodha hiyo hiyo anawaweka waliobeba Injili ya Yohana wakaitegemea iwakinge. Injili ya Yohana, si pembe ya mganga! Luther hakuona tofauti, kwa sababu kinachofanya kitu kiwe hirizi ni kazi tunayokipa. Badala yake akamwandikia askari sala inayokiri kwamba wokovu wake hautokani na utii wake vitani bali na damu ya Kristo, ili aishi au afe katika imani hiyo. Baada ya hapo, akipenda, aseme Imani na Sala ya Bwana, na hayo yamtoshe.

Mara ngapi tumehubiri tukiyacheka maji ya Kinjikitile? Wazee wetu wa kusini waliambiwa mwaka 1905 kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, nao walikufa kwa maelfu. Tunawasimulia watoto wa kipaimara habari hiyo kama mfano wa upofu. Sisi tuliweka maji yale kwenye plastiki.

Sisemi alama ndogo za imani zitupwe. Wapo ndugu, hasa wale waliookoka ukubwani, ambao wangefurahi nikisema hivyo, lakini siwezi. Luther huyo huyo, katika Katekisimo Ndogo, anamfundisha Mkristo kujiwekea alama ya msalaba asubuhi atokapo kitandani na jioni alalapo. Binadamu ana mikono, na mikono hutaka kitu cha kushika. Yule kijana aliniambia kwamba kilichomsaidia kule ni ujumbe mfupi wa dada yake, kila mtandao ulipopatikana: "Leo kanisani umetajwa." Basi. Haukumwahidi kitu. Ulimwambia tu kwamba kuna watu waliosimama wakamtamka mbele za Mungu.

Na hapa lazima niikosoe sala yetu pia. Katika maombi ya kanisa tunawapitisha askari katika pumzi moja na "viongozi wetu na vyombo vya ulinzi na usalama", halafu tunakwenda kwenye mvua. Tuwataje kwa majina ya ubatizo, familia zikiridhia, bila kutangaza walipo. Tuwataje na wenzao Waislamu, kwa kuwa wanalala handaki moja. Tuwataje watu wa Beni, ambao wanaomba kwa Kiswahili kama sisi, na ambao vita kwao si zamu ya mwaka mmoja. Tuwaombee na wale wanaowapiga risasi vijana wetu. Hilo ni gumu, lakini Bwana aliliagiza. Na askari akisharudi tusimfute kwenye orodha siku hiyo hiyo. Yule wa kwangu alirudi mzima wa mwili, na ndipo alipohitaji kuombewa zaidi.

Nilipowaeleza kina mama haya yote, mwenyekiti wao, ambaye ni mama yake yule kijana, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, sisi tulitaka tu arudi." Nikamwambia hata mimi nilitaka hivyo, na kwamba kutaka hivyo si dhambi, na kumwambia Mungu hivyo ndiyo sala yenyewe. Ila hatukumwambia Mungu. Tulimwambia mtoto.

Kadi mpya haijachapishwa. Wamekubaliana juu ya mstari wa 15 na wanabishana kuhusu upande wa nyuma: wengine wanataka msalaba ubaki, wengine wanataka nafasi tupu ambapo watoto wa Shule ya Jumapili wataandika majina yao kwa mkono. Kadi ile ya zamani ninayo kwenye droo. Kijana nimemwambia kwamba akiitaka aje aichukue, na kwamba swali lake bado ninalo.