Bahari na Beti: Juu ya Mchezo wa Threes na Waigaji Wake

Mshairi hashutumiwi kwa kutunga katika bahari aliyoitumia mwenziwe. Hushutumiwa akichukua beti. Katika michezo ya simu za mkononi mpaka huo ni mwembamba mno, na aumiaye aghalabu ni mtungaji mdogo asiye na kampuni kubwa ya kumkinga.

Mnamo Februari 2014 Asher Vollmer na Greg Wohlwend wa Marekani walitoa Threes, mchezo wa vigae vya tarakimu juu ya ubao wa vyumba 16. Moja na mbili huungana zikawa tatu. Tatu na tatu zikawa sita. Na hesabu ikapanda vivyo hivyo. Kanuni hizo chache ziliwagharimu kazi ya miezi 14. Haukupita mwezi ila 1024 umetokea. Na mwezi wa Machi Gabriele Cirulli, kijana wa Kiitalia wa miaka 19, akatoa 2048, alioutunga kwa siku chache na kuutoa bure.

Haki yataka isemwe kwamba 2048 si kivuli kitupu. Katika Threes kigae husogea chumba kimoja tu, na mchezaji huonyeshwa dalili ya kile kijacho, hata alazimike kutafakari. Katika 2048 kigae huteleza mpaka ukingoni, na mkono hutangulia fikira. Wala Cirulli hakuficha nasaba ya mchezo wake: aliitaja 1024, na Threes pia.

Lakini umati hausomi nasaba. Vollmer na Wohlwend walipochapisha barua walizoandikiana wakati wa kuutunga mchezo wao, walieleza uchungu wa kusikia Threes ikiitwa nakala ya 2048. Sheria ya Marekani ingewafaa kidogo, kwani hulinda sura ya mchezo, wala hailindi kanuni zake. Mwaka 2012 mahakama ya New Jersey iliilinda Tetris kwa sababu mwigaji alichukua hata sura.

Hapo ndipo ulipo msiba wa fundi: kadiri apunguzavyo yasiyo lazima, ndivyo arahisishavyo kuigwa. Wepesi ambao ni tunda la jasho lake huonekana kama jambo ambalo yeyote angeliweza kulibuni. Mahakama haiwezi kuondoa dhuluma hiyo. Yaweza kupunguzwa na uhakiki, ukitaja nani alitangulia, alichagua nini, na aliacha nini.