Kabaka Alistahili Jiwe, Akapewa Mbao

Picha ya Kabaka Mutesa iliyomo kwenye kitabu cha msafiri Stanley cha 1878 haikuharibikia Buganda. Iliharibikia London. Mnaijua: Mutesa na wakuu wake kwenye ukurasa mmoja, chini yake maneno kwamba imetokana na picha aliyoipiga mwandishi mwenyewe. Kamera ilifanya kazi yake, na kundi limepangwa vizuri.

Kosa ni kuichonga kwenye mbao. Mchongaji hukwangua panapotakiwa pawe peupe. Panapobaki ndipo panaposhika wino. Kijivu hana. Akitaka kivuli atapiga mistari, minene kwa giza, myembamba kwa mwanga. Kwa joho inafaa, kwa mtumbwi inafaa zaidi. Sasa chukua uso wa mtu mweusi, tena umebanwa katikati ya wakuu hadi kichwa kizima hakizidi ukucha wa kidole gumba, uupige mistari hiyo. Unapata wavu. Shavu na kivuli cha shavu vinakatwa kwa patasi ileile, macho yanazama. Na Stanley huyohuyo, akieleza walivyokutana Aprili 1875, alitaja kimo, wembamba na macho makubwa kabla ya kufika kwenye tarbushi, joho jeusi na vazi jeupe lililofungwa mshipi wa dhahabu. Mchongaji akatuonyesha nguo kwanza. Halafu wakathubutu kuandika kwamba tunatazama picha ya kamera!

Jiwe lingemwokoa. Ufundi wa litografia ulikuwepo tangu miaka ya 1790, alipouvumbua Senefelder: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, wino unakataa penye maji na kung'ang'ania penye mafuta. Chembe za jiwe zinatoa kijivu zenyewe, na shavu linapata mviringo wake.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua ninakokwenda: Guillain. Nahodha yule Mfaransa alizunguka pwani yetu kati ya 1846 na 1848, akarudi na picha za daguerreotype na michoro, na albamu yake ikachapwa kwa mawe na mchapaji Lemercier, Paris. Watu wa pwani ambao hata vyeo hawakuwa navyo wakapewa nyuso. Miaka ishirini na ushei baadaye mfalme anapewa wavu. Wala sijamsamehe msafiri Speke, ambaye kitabu chake cha 1863 kilimwachia mchoraji Zwecker, akiwa London, achore upya baraza la Mutesa ambalo hakuwahi kuliona. Stanley angalau alikuwa na picha mkononi, ndiyo maana yeye namlaumu zaidi.

Utetezi naujua. Mbao hufungwa pamoja na herufi za risasi, zikapita mashine moja. Jiwe linadai mashine yake na karatasi yake. Gharama, basi. Lakini juzuu mbili za kitabu hichohicho cha Stanley zina ramani kubwa za kukunjwa, na ramani hizo zilipewa karatasi zao. Stanley aliondoka Kageyi na mashua yake Lady Alice tarehe 8 Machi 1875 kulizunguka Ziwa Victoria, na ramani ya mwambao wetu huu, pamoja na ghuba tunayoivuka kila siku kutoka Kamanga kwenda Mwanza, mchapishaji aliigharimia. Alichohitaji Mutesa ni karatasi moja zaidi, isiyo hata ya kukunjwa.