Tumbo la Kulia, Mtoto Akiwa Kwenye Kemo

Mtoto asiye na ugonjwa mwingine akishikwa na apandisiti, yaani uvimbe wa kidole tumbo, dalili zake hujitokeza: homa inapanda, tumbo linakaza chini upande wa kulia, chembe nyeupe za damu zinaongezeka. Anayetibiwa saratani anaweza kukosa zote. Kemo imeshusha chembe nyeupe, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Predinisoloni, mojawapo ya dawa zake, imezima homa na kulegeza tumbo hata pale utumbo ulipokwisha kutoboka. Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, nayo hufunga choo na kuleta maumivu yake.

Kwa Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, saratani ya watoto iko karibu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto, saratani iitwayo sasa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson walikwenda kwa gari hadi Afrika Kusini, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ulipungua sana juu ya mita 1,500. Uvira, kando ya ziwa, iko kwenye mita 770 hivi, na mbu wa malaria, inayohusishwa na saratani hiyo, hawapumziki. Limfoma hiyo hupenda pia tumbo: ikiota pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, huonekana kama apandisiti kabisa. Kwa hiyo kidole tumbo kilichotolewa kwa mtoto wa mwambao huu kipelekwe patholojia, kisitupwe.

Burkitt huyohuyo baadaye aliandika kwamba apandisiti ni nadra vijijini Afrika kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi. Nadra si kusema haipo, na naogopa sana mganga anayeifuta mapema.

Kinachoamua ni ekografia, ikifanywa kwa subira. Mtoto aonyeshe mwenyewe kwa kidole panapouma, kisha kifaa kikandamizwe hapo taratibu. Kidole tumbo kizima hubonyea. Kilichovimba hakibonyei, na upana wake huzidi milimita 6. Lakini kama ukuta wa utumbo mpana pale unapoanzia ndio ulionenepa, zaidi ya milimita 4, na nyutrofili ziko chini ya 500 kwa kila mikrolita, fikiria taiflaitisi: utumbo uliovamiwa na bakteria kwa kukosa kinga. Tofauti hiyo hubadilisha tiba yote.

Taiflaitisi huanza kutibiwa bila kisu: mtoto hali kitu kwa mdomo, anapewa maji ya mshipa, dawa ya maumivu (haifichi ugonjwa, asinyimwe), na antibiotiki pana, pale zilipo chache, seftriaksoni, jentamisini na metronidazoli. Daktari yuleyule alipime tumbo tena kila baada ya saa chache. Enema na kipimajoto cha njia ya haja kubwa ni marufuku. Utumbo ukitoboka au damu isipokoma, ni chumba cha upasuaji.

Apandisiti iliyothibitika hukatwa, hata chembe nyeupe zikiwa chini, baada ya antibiotiki kuanza. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000, damu ya kuongezewa itafutwe kwanza. Isipopatikana Uvira, gari la kwenda Bukavu au Bujumbura liitwe mapema, mtoto akiwa bado ana nguvu. Kidonda kikishika na chembe nyeupe zikipanda, kemo irudi mara moja, kwani chembe za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.