Namna ya Kuitambua Feni Njema ya Kompyuta

Mwenye kompyuta iliyokwisha kula miaka, akisikia feni yake ikikoroma kila iwashwapo kisha ikanyamaza ipatapo joto, asidhani kuwa maradhi yamepoa. Maana aghalabu hiyo ni dalili kwamba mafuta ya mhimili yamekauka au yameganda, na kwamba wakati wa kuamua baina ya kutengeneza na kubadilisha umewadia.

Hukumu ya kwanza ni ya kidole, nayo hutolewa baada ya umeme kukatwa na vumbi kufutwa kwa brashi laini. Yazungushe mapanga taratibu: feni salama huzunguka kwa ulaini na kutua kidogo kidogo, ilhali iliyochoka hukwaruza au husita ghafula. Kisha kishike kitovu chake ukitikise upande huu na huu. Kikiyumba, bushi imelika, wala hapana mafuta yatakayoirudishia umbo. Kisipoyumba, huenda tone moja la mafuta ya cherehani, litiwalo chini ya karatasi ya nembo kwa feni zinazofunguka, likaiongezea umri. Mafuta ya kupikia ni haramu kwa kazi hii, kwani hugeuka gundi. Na apulizaye vumbi kwa blowa ayazuie mapanga yasizunguke, asije akauharibu mhimili kwa mwendo usio kadiri yake.

Ikibidi kununua mpya, usihadaike na taa za rangi. Uliza mhimili umekalia nini. Feni ya bushi ni rahisi na ina utulivu, lakini haistahimili joto jingi, na ikilazwa chali huchakaa upesi. Feni ya gololi ina sauti kidogo, ila hudumu zaidi katika joto, na kwa kawaida hupiga kelele siku nyingi kabla ya kufa, jambo ambalo kwa mwenye kompyuta ni nasaha njema.

Baada ya hapo soma nembo. Volti ziwe 12, kama zilivyo za feni nyingi za kompyuta za mezani, na ampea zisizidi zile zinazokubaliwa na bodi. Pima pia upana: palipo nafasi, feni ya milimita 120 hutoa hewa sawa na ya milimita 80 kwa mwendo wa chini, kwa hiyo ina utulivu zaidi. Waya wa tatu hupeleka habari za mwendo, na wa nne hupokea amri ya kuuongeza au kuupunguza. Wakati wa kuifunga, kumbuka kuwa hewa hutokea upande wenye nguzo zishikazo kitovu.

Basi, kati ya feni mbili, chagua ile yenye mhimili bora hata kama ina sura duni. Na feni kuukuu iliyoshindwa mtihani wa kidole usiinunue, hata ukipunguziwa bei.